Gari la kanisa na redio zake: namna ya kulichagua na kulitayarisha

Huku kwetu mashariki, gari la kanisa halina kazi moja. Jumatatu linabeba dawa za zoni ya afya, Jumatano linapeleka wajumbe kwenye sinodi, na usiku wa Ijumaa dereva anaamshwa kwenda kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua. Mara nyingi linapita mahali ambapo simu haishiki: ndani ya misitu ya Walikale na Shabunda, kwenye migongo ya Masisi, kwenye milima ya Fizi. Hata penye mnara wa simu, mnara ukiishiwa mazutu au ukizimwa wakati wa vita, kinachobaki ni foni.

Ndiyo sababu makanisa yanatafuta kufunga redio mbili au tatu katika gari moja. Tunawaandikia wale wanaoamua jambo hilo: kamati ya usafiri, daktari wa zoni, mzee anayeshika hazina, na hasa dereva, ambaye kwa kawaida huulizwa mwisho ingawa ndiye atakayekaa na vyombo hivyo kila siku.

Shauri letu ni hili: redio iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Tazameni kwanza bati la gari, kisha umeme wake, kisha antena. Kanisa likianza na redio ya bei kubwa na kuifunga kwenye umeme mbaya, litapata mkoromo mchana na batri iliyokufa usiku. Na gari lisilowaka katikati ya pori, lenye mgonjwa ndani, ni hatari kuliko gari lisilo na redio.

Kwa nini redio moja haitoshi

Foni, yaani redio ya HF, hutumia mawimbi yaliyo kati ya megahezi 3 na 30. Mawimbi hayo yanaweza kupanda juu sana, kugonga tabaka la anga lenye chembe za umeme, na kurudi chini upande wa pili wa mlima. Kwa umbali wa kilomita 50 hadi 400, ambao ndio umbali wa kazi zetu nyingi, masafa ya chini ndiyo yanayosaidia: mchana karibu na megahezi 5 hadi 8, usiku karibu na 3 hadi 5. Basi mkiomba kibali cha foni, ombeni masafa mawili angalau, moja la mchana na moja la usiku. Kanisa lenye masafa ya mchana peke yake litakuwa bubu saa nne za usiku, na ndiyo saa ambayo mgonjwa huzidiwa.

Redio ya VHF, ile ya magari na ya mkononi (wengi huita kila redio ya mkononi Motorola, hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine), hufanya kazi kati ya megahezi 136 na 174. Mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Yanafaa kati ya magari mawili yanayofuatana, au kati ya gari na hospitali iliyo ng'ambo ya bonde. Mlima ukiingia katikati, mazungumzo yanakatika, isipokuwa pawe na kituo cha kurudisha mawimbi juu ya kilele. Hapo kuongeza nguvu hakusaidii sana. Redio ya mkononi yenye wati 5 iliyounganishwa na antena nzuri juu ya paa mara nyingi husikika vizuri kuliko redio ya wati 25 ambayo antena yake imefungwa chini nyuma ya bampa.

Iko redio ya tatu ambayo watu huichanganya na VHF ya kawaida. Ndege ndogo, kama zile za MAF zenye kituo Bunia, huzungumza na watu wa chini kati ya megahezi 118 na 137, na kwa mtindo wa AM. Redio yenu ya VHF ya kawaida hutumia mtindo wa FM. Hata mkiipeleka kwenye namba ile ile, rubani hatawasikia vema, na sheria haiwaruhusu kujaribu. Parokia yenye kiwanja cha ndege kando yake, ambayo gari lake hupokea wagonjwa na dawa, inahitaji redio ya anga iliyo na kibali chake, ili rubani aambiwe kama ng'ombe wako kiwanjani au kama mvua imelainisha udongo.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu redio, andikeni kila moja itaongea na nani. Redio isiyo na mtu wa upande wa pili aliyeahidi kusikiliza kwa saa fulani haina haja ya kufungwa. Kwa maoni yetu makanisa mengi yanatosheka na mbili, foni na VHF. Ya tatu ni kwa wenye kiwanja cha ndege. Ya nne huwa ni fahari tu.

Gari lenyewe

Chukueni sumaku ndogo mkienda kulitazama gari. Ibandikeni juu ya paa, kwenye boneti, na juu ya mabawa ya magurudumu. Inaposhika, hapo ni chuma, na chuma ndicho nusu ya pili ya antena. Paa la plastiki au la nyuzi za kioo halitumiki hivyo, hata likipakwa rangi nzuri namna gani. Tazameni pia wingi wa kutu, kwa maana bati lililoliwa na kutu linakata njia ya mawimbi na kuleta kelele kila gari linapotikisika.

Injini ya mazutu hutangulia ya esansi. Injini ya esansi huwaka kwa cheche za plagi, na kila cheche ni redio ndogo inayopiga kelele masikioni mwa foni. Mazutu haina cheche. Ndiyo sababu mojawapo mashirika mengi yameshikamana na Land Cruiser za safu ya 70 zenye injini ya 1HZ: pampu yake ni ya kimekanika, vyombo vya elektroniki ni vichache, na fundi wa kuitengeneza yupo karibu kila mji. Hatusemi ni gari la raha. Linakunywa mazutu, linachosha mgongo, na bei yake si ya kila parokia. Magari mapya ya mazutu yenye kompyuta pia hufaa, lakini yanadai fundi anayejua mahali pa kupitisha nyaya, kwa maana foni ya wati 100 inaweza kuisumbua kompyuta ya injini ikiwa waya wa antena umelala juu ya nyaya zake.

Kama uwezo wenu ni gari la esansi tu, msikate tamaa. Plagi zenye kizuizi ndani na nyaya zake mpya hupunguza kelele nyingi, na VHF haisumbuliwi nayo kama foni.

Kisha pimeni volti. Gari lenye batri mbili si lazima liwe na volti 24. Batri mbili za volti 12 zikiunganishwa chanya kwa chanya hubaki volti 12. Zikifuatana, chanya kwa hasi, huwa 24. Malori mengi ni 24, na baadhi ya magari ya mazutu yaliyotumika Japani pia ni 24. Redio za gari karibu zote hutaka volti 13.8. Kuiunganisha moja kwa moja kwenye 24 ni kuiunguza siku hiyo hiyo. Wako mafundi wanaochukua volti 12 kutoka batri moja kati ya zile mbili. Msiwaruhusu. Batri moja itachoka kabla ya mwenzake, nyingine itajazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Nunueni kigeuzi cha kushusha 24 hadi 13.8 chenye ampea za kutosha.

Umeme

Hapa ndipo pesa kidogo huokoa pesa nyingi, na ndipo tunapotaka kukaa zaidi.

Foni ya wati 100 inapotuma sauti hula karibu ampea 20. VHF ya wati 50 hula kama ampea 10 hadi 12, ya wati 25 kama nusu yake. Zikisikiliza tu, kila moja hula kidogo, mara nyingi chini ya ampea 2. Tundu la kuwashia sigara halikutengenezwa kwa mizigo hiyo. Pitisheni waya kutoka batri yenyewe hadi redio, pande zote mbili.

Unene wa waya si jambo la kukisia. Redio ikiwa mita 4 kutoka batri, umeme unasafiri mita 8, kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ampea 20 zitapoteza njiani kama volti 1.1, kwa waya wa 6, kama volti 0.5, kwa waya wa 10, chini ya 0.3. Ile volti moja inaonekana ndogo, lakini injini ikiwa imezimwa batri inatoa kama 12.5, na redio inayopata 11.4 hukwaruza sauti au hujizima mara unapobonyeza maiki. Watu husema redio imeharibika, kumbe ni waya. Tena angalieni kama waya ni wa shaba kweli: sokoni ziko nyaya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba. Kwaruzeni ncha kwa kisu, ndani ikiwa nyeupe mwachieni mwenye duka.

Fyuzi ikae karibu na batri, kiasi cha sentimita 20 tu. Fyuzi iliyo kando ya redio inailinda redio, lakini haiulindi ule waya mrefu unaopita karibu na injini ya moto na pembeni ya bati kali. Waya huo ukichubuka na kugusa bati bila fyuzi, gari linaungua. Kila redio iwe na fyuzi yake, na kila mahali waya unapotoboa bati pawekwe mpira wa kuuzunguka. Kwenye magari mapya yenye kipimo kidogo juu ya kichwa cha hasi cha batri, waya wa hasi uunganishwe na bati pale batri yenyewe inapounganishwa na bati, usipite juu ya kipimo hicho.

Sasa batri ya pili. Gari likisimama usiku kucha hospitalini huku redio zikisikiliza, ile batri ya kuwashia injini hushuka polepole bila mtu kujua. Tunashauri sana batri ya pili kwa redio peke yake, pamoja na rilei inayoziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Hesabu yake ni nyepesi. Batri ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu. Basi mna 50. Redio zote zikila pamoja ampea 2.5 kwa kusikiliza, mna saa 20, na pungufu kidogo kwa yale mnayotuma. Ifungwe kwa chuma na bolti, kwa kuwa batri ya kilo 25 gari likipinduka ni kama jiwe.

Kama hazina hairuhusu batri ya pili, wekeni swichi moja kubwa inayokata redio zote, na kipimo cha volti mbele ya dereva. Batri iliyopumzika ikionyesha 12.6 ni nzima, 12.2 imefika nusu. Ikikaribia 12 zimeni. Injini ikiwaka kipimo kionyeshe kati ya 13.8 na 14.4. Kikionyesha pungufu, alteneta haijazi, na kuongeza redio ni kuongeza shida.

Antena

Antena ya VHF ni fupi, kama sentimita 50 kwa megahezi 150, na mahali pake ni katikati ya paa. Kutoboa paa kunawaumiza wengi moyo. Hata hivyo antena ya kutobolewa, ikizibwa vema, hudumu kuliko ya sumaku, ambayo tawi moja la barabara ya msituni linaiangusha na waya wake hukatwa na mlango. Ya sumaku ifae kwa gari la kuazima.

Antena ya foni ni kazi nyingine. Kwa megahezi 7, urefu wake kamili ungekuwa kama mita 10, na hakuna gari linalobeba hiyo. Basi hutumika fimbo fupi yenye koili ndani, ama ile inayojirekebisha yenyewe. Ya koili ni ya bei ndogo na ngumu, ila kila masafa yana koili au mahali pake pa kuunganisha. Ifungeni kwenye chuma cha mbele cha kinga, kama mnavyoona kwenye magari ya Umoja wa Mataifa. Ikiwekwa juu ya paa itafika zaidi ya mita 4 kutoka chini, na nyaya za umeme zilizolegea katika mitaa ya Goma au Butembo haziko juu sana. Palipo na nyaya hizo, mwishilio wa fimbo uvutwe chini kwa kamba.

Kwenye mguu wa antena kwaruzeni rangi hadi chuma king'ae, kazeni, kisha pakeni grisi kuzuia kutu. Unganisheni boneti, milango na bomba la moshi na bati la gari kwa utepe wa shaba uliofumwa. Kazi hiyo ya nusu siku huondoa kelele ambazo wengi hufikiri ni za redio.

Waya wa antena uwe wa omu 50, kama RG-58. Waya wa televisheni ni wa omu 75, na haufai. Kabla ya kulikabidhi gari, fundi apime kwa mita ya SWR mbele yenu: chini ya 1.5 ni vizuri, hadi 2 inakubalika, ikizidi 3 mtu asitume kabisa mpaka kosa lipatikane. Antena mbili zikae mbali, mita moja angalau, zaidi kama nafasi ipo. Redio moja inapotuma, ya pili isikilize tu. Nguvu ya jirani inaweza kuiziba masikio au hata kuiharibu.

Na liwepo begi moja dogo nyuma ya kiti: waya mwembamba, kamba mbili, na kiunganishi cha katikati. Gari likilala mahali, waya huo hutundikwa kati ya miti miwili na husikika kuliko fimbo yoyote ya gari. Urefu wote kwa mita ni 143 kugawanywa kwa megahezi. Kwa megahezi 5 hiyo ni mita 28.6, yaani 14.3 kila upande. Hauhitaji kwenda juu sana. Kwa umbali wetu mita 4 au 5 zinatosha, kwa sababu tunataka mawimbi yapande wima. Lakini mkisikia ngurumo, ushusheni na kuuchomoa. Mashariki mwa Congo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa radi kwa wingi.

Ndani ya gari

Redio isikae sakafuni chini ya kiti: ndipo maji ya mto huingia kwanza. Isikae juu ya plastiki ya mbele panapotokea mfuko wa hewa wa ajali. Ifungwe kwa bolti kwenye chuma, pawe na hewa ya kuipoza, na maiki iwe upande wa abiria. Dereva anaendesha, mwenzake anaongea. Katika ambulansi, wekeni spika ndogo nyuma kwa muuguzi, maana yeye ndiye mwenye habari ya mgonjwa.

Mtu asishike antena ya foni wakati wa kutuma, inachoma ngozi. Msitume mkijaza mafuta. Na karibu na machimbo yanayopasua mwamba kwa baruti za umeme, zimeni redio zote: mawimbi yanaweza kuiwasha fataki.

Karatasi na bariere

Masafa hayachaguliwi na fundi. Kibali hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, na nakala yake ikae ndani ya gari pamoja na namba za redio zilizomo. Antena mbili zinaonekana toka mbali, na askari kwenye bariere ana haki ya kuuliza ni za nini. Dereva ajibu kwa utulivu, aonyeshe karatasi, na azime redio akiambiwa. Redio ya kanisa isipitishe hata neno moja juu ya mwendo wa askari au wa watu wenye silaha, wala maneno ya mafumbo ambayo msikilizaji mwingine atayafikiri kuwa ni siri ya vita. Kila mtu anaweza kusikiliza foni. Kwa sababu hiyo hiyo jina la mgonjwa lisitajwe. Tajeni umri, ugonjwa na kituo.

Saa za kusikiliza ziandikwe wazi. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, na ukimwambia mtu "saa tatu" mwingine anahesabu kwa Kiswahili, mwingine kwa Kifaransa. Andikeni 9:00 au 15:00, saa za mashariki, na kubandika karatasi hiyo juu ya kioo cha jua.

Kila asubuhi dereva atazame volti, ajaribu kila redio na mtu wa upande wa pili, akaze mguu wa antena kwa mkono, na kuandika katika daftari la gari. Baada ya barabara mbaya bolti hulegea bila kuaga. Na siku gari litakapouzwa, toeni redio na nyaya zake zote, zibeni tundu la paa kwa kizibo cha mpira, futeni masafa katika redio ambazo hazitumiki tena, na kuijulisha mamlaka kwamba kibali kile hakiko tena kwenye gari hilo.